Riwaya Zilizopita Mikononi Mwangu

Mama yangu, Bilonda, hamsamehi mwandishi anayewaacha watu wake na njaa. Riwaya inaweza kuwa na mauaji matatu, talaka na meli inayozama, lakini ikifika ukurasa wa mia na hakuna mtu aliyekaa mezani, Mama anaifunga na kuivua miwani. "Aba bantu banaishi na nini?" anauliza. Hapo kitabu kimeshahukumiwa, hata kama kimeandikwa vizuri namna gani.

Mume wangu, Ariel Kalonji, ana ugonjwa wake mwingine. Anaendesha yale malori makubwa ya mgodini ambayo gurudumu moja tu linampita mtu kwa urefu, kwa hiyo hawezi kusoma ukurasa wenye gari bila kuwaza habari ya mafuta. Kuna riwaya moja ya polisi aliyemfukuza mwizi kutoka mji hadi mji. Ariel aliipenda yote. Alilia hata pale polisi alipomkamata mwizi na kukuta ni rafiki yake wa shule. Lakini mpaka leo analalamika kwamba lile gari halikusimama hata mara moja kujaza tangi.

Mimi si msomaji, niseme mapema nisije nikadhaniwa vingine. Ni mshonaji, nina mashine mbili na kibanda katikati ya mji wa migodi wa Kolwezi. Nikishika riwaya nasoma ukurasa wa mwisho kwanza, na nikishajua nani amekufa na nani ameolewa, naiweka chini na kurudi kwenye kazi yangu. Mama na Ariel wananihurumia kwa hilo. Hata hivyo, kwa miaka kumi na moja riwaya zao zote zimepita mikononi mwangu, kwenda na kurudi, kwa sababu wao wawili hawawezi kuonana.

Si ugomvi, ni heshima. Familia zetu zilitoka Kasai. Babu zetu waliletwa huku kwa kazi ya mgodi, wakazaa na kuzikana huku, na desturi ya ukwe walikuja nayo pamoja na masufuria yao. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake. Hali chakula naye, haketi naye chumba kimoja, hamsemeshi. Wakikutana njiani, yeye anaacha njia na mama anajifunika kitenge. Siku hizi wengi wameiacha, na jirani yetu mmoja anapanda pikipiki moja na mama mkwe wake bila wasiwasi wowote. Mama hamsemi vibaya. Anasema tu kwamba yeye hakulelewa hivyo. Ariel angeweza kubisha, lakini baba yake alimlea vilevile. Akienda kwa Mama, kule mtaa wa Musonoi, anasimama nje ya uzio wa lupango, anakohoa mara mbili, Mama anaingia ndani ya nyumba. Ndipo Ariel anaingia uani, anatengeneza bomba au bawaba ya mlango, na kuondoka bila kugeuza shingo.

Mama alikuwa mwalimu wa ushonaji katika nyumba ya akina mama ya kampuni ya mgodi, enzi ambazo wake za wafanyakazi walikuwa wakifundishwa mambo ya nyumbani. Pale palikuwa na kabati la vitabu vya Kifaransa. Nyumba ile ilipofungwa, akina mama waliambiwa kila mmoja abebe anachotaka. Wenzake walibeba mapazia na viti. Mama alibeba magunia mawili ya riwaya kichwani, moja asubuhi na moja mchana. Marehemu baba yangu, Mulumba, alikuwa akivitaja vile viti mpaka mwisho wa maisha yake.

Kuandikiana kwao kulianza kwa usahaulifu wangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilichukua riwaya moja kwa Mama, nadhani nilitaka kumwonyesha Ariel kwamba na mimi ni binti wa mtu aliyesoma. Nikaisahau mezani. Ariel aliimaliza kwa siku mbili za mapumziko, akaandika kikaratasi kwa jina langu na kukichomeka ndani: "Falonne, ambia mwenye kitabu kama ule munganga alijua toka mwanzo." Ilikuwa habari ya daktari aliyemwoa mwanamke bila kujua, au labda kwa kujua, kwamba mume wake wa kwanza alikuwa hai. Jumapili nikapeleka kitabu Musonoi. Mama akasoma kikaratasi, akaketi, akaomba penseli. Akaandika: "Falonne, ambia aliyesoma kama munganga hakujua. Arudie ukurasa wa makumi ine."

Huo ukurasa wa arobaini umerudiwa mara nyingi na ubishi haujaisha. Tangu siku ile, kila Jumapili baada ya misa, nilikuwa napanda pikipiki kwenda Musonoi na kitabu kwenye mfuko, narudi na kingine. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na kikaratasi chenye jina langu juu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Hawakuandikana majina kamwe. Ariel alikuwa "aliyesoma" na Mama alikuwa "mwenye kitabu", hata pale kitabu kilipokuwa cha Ariel.

Vumbi la Musonoi halina huruma na vitabu. Mashimo ya mgodi yako karibu, malori hayalali, na ukifuta meza asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Kwa hiyo Mama anavivisha vitabu vyake vyote karatasi za kalenda za zamani, za parokia na za maduka, upande mweupe ukiwa nje. Vingi vilikuwa vimeshapoteza majalada, kwa hiyo alivibatiza upya mwenyewe: Mjane na Farasi, Ndugu Wawili wa Kisimani, Ile ya Theluji. Ariel naye akaiga. Kwetu kila kitu chenye kurasa kilivaa kalenda, kuanzia riwaya mpaka vitabu vyake vya kazi.

Vitabu vipya walivipata kwa Kabemba, ambaye anatandika turubai sokoni na kuuza riwaya zinazokuja pamoja na marobota ya nguo za mitumba. Hapo palihitaji mpango. Alhamisi ilikuwa ya Ariel, Jumamosi ya Mama. Mwaka mmoja zamu ya Ariel ikabadilishwa na akasahau kutuarifu. Amechuchumaa kwenye turubai Jumamosi, amezama kwenye kurasa za mwanzo za kitabu, mara anaona miguu. Alivijua viatu, maana ndiye aliyevinunua kwa ajili ya Krismasi. Kabemba alinisimulia kwamba hajawahi kuona mtu mzima akikimbia kwa kurudi nyuma. Kofia yake ilibaki juu ya turubai. Mama alikuwa ameshageuka na kujifunika, lakini kabla ya kuondoka alimwomba Kabemba kile kitabu ambacho "yule mtu" alikuwa anakisoma. Jumapili nilirudi nyumbani na kitabu, kofia ikiwa juu yake, imefuliwa.

Vile vikaratasi nimevitunza kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa, ninaokwenda nao kibandani na kurudi nao nyumbani. Nikikosa wateja navisoma, na ndiyo riwaya pekee niliyoisoma kuanzia mwanzo. "Ule mwanamuke analia mingi, lakini hata mi ningelia na wifi kama ule." Huyo ni Mama. "Kule kwenye theluji banavaa viatu gani? Mwandishi hakusema." Huyo ni Ariel. "Mapenzi ni muzuri, lakini nyumba inafagiwa na nani?" Mama tena. Kuna kimoja cha Ariel, juu ya riwaya ya baba aliyeondoka bila kuaga, ambacho nilikisoma nikiwa nimesimama kando ya barabara na pikipiki ikinisubiri. Kiliandikwa hivi: "Falonne, ambia mwenye kitabu kama hata mi nalingojaka baba aniage. Alienda Mbuji-Mayi na mufuko moja, akafia kule. Ukurasa wa makumi kenda nilishindwa."

Mimi, mke wake, sikuwa najua. Kwangu Ariel anazungumzia ada ya shule ya binti yetu, Naomie, na breki za lori. Mambo ya moyoni alikuwa anampelekea mwanamke ambaye hajawahi kumtazama, na mimi ndiye niliyekuwa naubeba mzigo wenyewe kwenye pikipiki. Iliniuma, sikatai. Mama alisoma kikaratasi kile, akaandika mstari mmoja: "Ambia aliyesoma kama ukurasa ule hata mi niliacha, nikaenda kupika, nikaurudilia kesho yake." Ariel alikiweka kwenye kitabu chake cha sala.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ilikuwa mwaka jana, katikati ya kiangazi. Jumapili ile nilikuwa nimechelewa, mwenye pikipiki anapiga honi nje, nikanyakua kitabu juu ya kabati kwa haraka. Kalenda ni kalenda. Nilichompelekea Mama hakikuwa riwaya. Kilikuwa mwongozo wa kazini wa Ariel, unaoeleza namna ya kupaka grisi, kubadilisha chujio la mafuta na kukagua magurudumu. Ariel alinigombeza katikati ya wiki, maana alikihitaji. Nikamwambia atulie, Mama atacheka, atakirudisha.

Jumapili iliyofuata Mama alinipa kitabu na kikaratasi chake kama kawaida. Nilikifungua nyumbani, mbele ya Ariel, nikitegemea kichekesho. Kilisema: "Falonne, ambia aliyesoma kama hii ni muzuri. Inaenda polepole lakini iko na ukweli. Ule mwanamuke aliteswa. Mwisho umenipe..."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mwanamke gani kwenye grisi? Mateso gani ya chujio? Nikasema Mama naye amekuwa mvivu, hakufungua kitabu, ameandika tu ili asionekane ameshindwa. Ariel hakucheka. Alichukua kile kikaratasi, akakiangalia mbele na nyuma. Maandishi yalikuwa yanapanda mlima, mstari wa pili umekanyaga wa kwanza, na neno la mwisho halikutosha kwenye karatasi, nusu yake ilikuwa imebaki mezani kwa Mama.

"Falonne," akasema, "mama haone."

"Anaona vizuri. Leo amenipikia sombe."

"Haone. Lete ile mufuko yako."

Tukavitandaza vikaratasi kitandani kwa kufuata majuma. Ariel akaviweka vya tangu Pasaka upande mmoja. Mistari ilikuwa ikizidi kupinda wiki hadi wiki, jambo ambalo mimi nililiona na kusema ni mkono wa uzee. Lakini yeye hakuwa anaangalia mistari. Alikuwa anasoma. Vitabu vyote hivyo, maneno yaleyale: nzuri, ina ukweli, mwisho umependeza.

"Toka Pasaka," Ariel akasema, "mama hajauliza kama banakula nini."

Nilimkasirikia, maana ndiyo tabia yangu, ukweli ukiniumiza namkasirikia aliyeuleta. Mimi ndiye niliyekuwa na macho yake mbele yangu kila Jumapili. Nilikuwa namsuka nywele. Nilimwona akipapasa sukari mezani, nikasogeza bakuli karibu na kuendelea kupiga soga. Na huyu, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuruhusiwa hata kumwangalia kisogo, ndiye aliyemwona. Niliona haya sana.

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda Musonoi. Mama alikuwa ameketi mlangoni na riwaya mapajani, imefunguliwa katikati. Nikamwomba anisomee mistari miwili tu. Akasema miwani iko ndani. Nikamwambia miwani iko usoni. Akafunga kitabu taratibu, akakilainisha jalada kwa kiganja.

"Ni weye uliona?" akauliza.

"Ni Ariel."

Halafu akasema, na namwapia msomaji kwamba ilikuwa kwa fahari, "Ule mutu anasomaka muzuri."

Nikamuuliza kwa nini alituficha. Nilipaza sauti, nakiri, na jirani alichungulia juu ya ukuta. Nikamwambia kuna waganga wa macho, kuna dawa, na kwamba amepoteza miezi kwa ukaidi. Mama aliniacha nimalize. Kisha akasema: "Kama bakijua sione, bitabu bitaacha kuya. Na bitabu bikiacha kuya, mi na ye tutaambiana nini, Falonne? Atakohoa inje, nitaingia mu nyumba. Basi. Mpaka nife."

Nilimmiminia chai. Nilimshika mikono tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Tulimpeleka Lubumbashi mwezi wa tisa. Mimi na Mama tulipanda basi la asubuhi, na Ariel, aliyeomba ruhusa kazini, akapanda la baada yake ili wasiwe ndani ya gari moja. Hospitalini alisimama nje ya uzio siku nzima, juani. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema ugonjwa ulikuwa umekula macho kidogokidogo kwa miaka, na kilicholiwa hakirudi. Matone yangelinda kilichobaki, yaani mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita. Kusoma kumekwisha. Mama alimshukuru, akauliza kama ni kwa sababu ya kusoma sana. Daktari akasema hapana, hata kidogo. Jibu hilo lilimfurahisha kuliko matone.

Tukaanza kutafuta namna. Kwanza nilijitolea mimi. Nilisoma Jumapili mbili, na Jumapili ya tatu Mama akaniomba nipumzike. Alisema nasoma kama mtu aliyeacha nguo kwenye kamba na mvua inakuja. Ni kweli nilikuwa naruka maelezo ya milima.

Kisha Ariel akajirekodi kwa simu. Alisoma wakati wa mapumziko, ndani ya lori lililozimwa, sura moja moja, na Mama akasikiliza na simu sikioni. Ilikuwa sauti, haikuwa uso, kwa hiyo tulikubaliana sote kwamba haivunji kitu. Ilidumu kama wiki tatu. Tatizo ni kwamba Mama anasoma kwa kubishana. Anataka kusimamisha, kuuliza, kumlaumu mtu. Nilimkuta siku moja anaigombeza simu kuhusu mwanamke aliyemwamini shemeji yake, na simu inaendelea kusoma bila kumjali. Akanirudishia. "Hii haijibu," akasema.

Ndipo Ariel akapata wazo la ukuta. Jumapili akaja Musonoi nami, akakohoa, Mama akaingia ndani. Ariel akazunguka nyuma ya nyumba, akageuza beseni chini ya dirisha la Mama, akalikalia, mgongo ukutani, akafungua kitabu. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta uleule, kitandani. Mimi niliwekwa mlangoni, katikati, kwa kuwa kusemeshana hakukuruhusiwa.

"Falonne, mwambie asome polepole pale pa harusi," Mama anasema.

Ariel amesikia kila kitu, dirisha liko wazi. Lakini anangoja. Ananingoja mimi nizunguke kona na kusema, "Mama anasema usome polepole pale pa harusi." Ndipo anajibu, "Mwambie mama sawa." Nazunguka tena kumpelekea Mama neno ambalo amekwisha kulisikia. Nilitembea jioni zile kuliko watu wa kwenye hivyo vitabu. Jirani wakaanza kuja na viti vyao vidogo. Baruti zilipolipuliwa mgodini alasiri, Ariel alikuwa anakatiza kusoma, vumbi la paa linadondoka, kila mtu anajipangusa, anaendelea. Mama alianza tena kuuliza habari ya chakula. Siku aliyouliza mara ya kwanza, Ariel alishusha kitabu magotini na kukaa hivyo kidogo kabla ya kuendelea.

Riwaya waliyokuwa nayo mwezi wa kumi na moja Mama aliipenda kuliko zote. Ilikuwa ya mwanamke mwenye hoteli ndogo karibu na stesheni, anayewapikia wasafiri. Ukurasa wa tatu tu kulikuwa na supu, na Mama alimtangaza mwandishi kuwa mtu wa maana. Mwanamke yule alikuwa amegombana na mwanawe wa pekee, kijana akaondoka, miaka kumi bila neno. Halafu ikaja barua kwamba atafika kwa treni. Hakusema lini. Mama yule akaanza kwenda stesheni kila siku na chakula kwenye kikapu.

Jumapili ile Ariel alifika kwenye sura ya mwisho. Jirani walikuwa wameondoka mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yamejaa. Treni ikaingia stesheni, na papo hapo mvua ikaingia Musonoi. Nyumba za huku zina mabati, na mvua ya kwanza kubwa ikipiga bati hata kelele ya mtoto chumbani husikii. Sauti ya Ariel ikazama yote.

Mama akainuka kitandani. "Ameshuka?" akaniuliza. "Falonne, mutoto ameshuka mu train?"

Mimi nilijua. Nilikuwa nimeshasoma ukurasa wa mwisho wiki mbili nyuma, kama kawaida yangu. Nikasema, "Mama, nikuambie tu."

"Ukisema ile neno, sitakufungulia mulango tena," akasema, na alimaanisha. "Anasoma bado?"

Nilizunguka nyumba nikilowa. Ariel alikuwa amesimama amejibanza ukutani, maji yanamtiririka shingoni, kitabu amekitia ndani ya shati. Nikarudi nikamwambia Mama kwamba amesimamisha, tungoje mvua iishe, au tuiache sura hiyo mpaka Jumapili ijayo.

Mama alikaa uso wake ukielekea dirishani, ambako kwake ni weupe tu. Vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la shuka na kulikunjua.

"Mwambie aingie," akasema.

Sikutoka. Nilisimama palepale na maji yananidondoka sakafuni.

"Bukwe ni ya macho, Falonne. Yangu imeisha. Mwambie aingie, kitabu itaharibika."

Nikaenda. Nilimwambia Ariel maneno yale kama yalivyo. Alitikisa kichwa. "Ambia mama," akasema, "kama mi niko na macho yangu bado."

Nikarudi. Nikamfikishia Mama neno hilo.

"Basi aangalie kitabu," akasema.

Ariel alivua viatu mlangoni. Aliingia ubavuubavu, uso ukutani, akapapasa kiti kilicho karibu na mlango, na kabla hajaketi alikuwa ameshafungua kitabu na kuinamia. Mama alisikia kiti kikilia. Mkono wake ulipanda wenyewe kushika kitenge ajifunike, ukafika begani, ukasimama, ukashuka. Alikuwa amegeukia upande wa kiti. Nikakaa sakafuni kati yao, mahali pangu.

Ariel akaanza kusoma kwa sauti kubwa kushindana na mabati. Alisoma vibaya. Yeye anayesoma kwa kutulia alikuwa anakimbia, anameza maneno, sauti inakatika, na jasho limechanganyika na mvua usoni. Treni ikasimama. Milango ikafunguliwa. Mama wa kwenye kitabu akanyanyua kikapu, akaanza kutafuta kati ya watu, na Ariel akaupita mstari wenyewe mbiombio kama mtu anayevuka barabara.

"Rudia hapo," Mama akasema.

Nikageuka na kufungua mdomo nimfikishie Ariel, kama nilivyofanya miaka yote. Alikuwa amekwisha kurudisha ukurasa.